Fungu la Mashua

Mimi Safiyya sikuumbwa kukaa kimya, na mtaa wetu mzima hapa Kismayu unalijua hilo. Asubuhi ile ya kuwapima watoto wa darasa la kwanza nilikalishwa kwenye kiti kidogo, magoti yakinifika kidevuni, nikaambiwa kwamba mlezi atakayefungua mdomo, mtoto wake atatolewa. Nikakubali, ningefanya nini? Nilikuwa nimemleta Wardah, mtoto wa marehemu kakangu Walidi. Ana miaka saba, na mwaka uliotangulia walimkataa. Walezi tulibaki nje wakati ule, na jibu tulilopewa ni kwamba hajui hesabu, basi. Akikataliwa tena, atarudi kisiwani Fuma kwa mama yake, na huko hakuna mwalimu wa kumsomesha.

Mwalimu wa mwaka huu, Khairat, alikuwa msichana mwembamba, nami nilimdharau papo hapo. Hakuwa na ubao wala fimbo. Alitandika mkeka, akamwaga makome, akapanga wanasesere wa vitambaa. Nikasema moyoni, tumekuja shule au tumekuja kucheza?

Aliyetutangulia alikuwa Faris, mtoto wa mwenye duka la vitambaa. Alihesabu moja mpaka mia bila kupumua, na baba yake akavimba kichwa. Khairat akamwambia mtoto, "Ahsante, baba. Sasa nipe makome saba." Faris akachota konzi nzima, akampa. Alipoulizwa kama ni saba kweli, akachota konzi nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Ulimi ulijua njia, mkono haukuijua. Khairat hakumcheka. Alimwekea kome mojamoja kiganjani, wakahesabu pamoja taratibu, mpaka mtoto mwenyewe akasema, "Yametosha." Hapo nikaanza kumpenda yule binti, ingawa sikutaka.

Zamu ya Wardah ikafika. Khairat aliweka mbele yake wanasesere watatu na makome kumi na mawili. "Hawa ni wavuvi," akasema, "na hawa ni samaki wao. Wagawie sawasawa."

Wardah hakusita. Vidole vilikwenda mbio, na alipomaliza palikuwa na mafungu manne ya samaki watatu watatu. Matatu yalikuwa mbele ya wavuvi, na moja liko peke yake pembeni.

Fungu lile la nne nililijua. Kwetu samaki hawagawanywi bila fungu la mashua, yaani la mwenye chombo. Na mashua ya kakangu sasa ni ya watoto wake. Mdogo wetu Famau huvua nayo, na fungu la mashua hupelekwa nyumbani kwa kina Wardah likapikwa. Mtoto amekuzwa na fungu hilo. Kumbe ndilo lililomponza mwaka jana! Nilitaka kupiga kelele, nikauma mtandio wangu mpaka nikasikia uzi ukikatika menoni.

Khairat aliyatazama mafungu manne, kalamu mkononi. Nikasema moyoni, haya, andika, utumalize. Hakuandika. Aliyakusanya makome akasema, "Sasa hawa si wavuvi tena. Ni watoto, na hizi ni kaimati zao." Wardah akagawa: nne, nne, na nne. Pembeni hapakubaki kitu.

Khairat akainua nyusi. "Haya, wale watoto wamekua," akasema, "wamekuwa wavuvi." Wardah akagawa upya, mafungu yakawa manne. Mwalimu mwingine angesema kaimati zile zilikuwa bahati tu. Huyu aliinama mpaka shavu lake likakaribia mkeka, macho yake yakawa sawa na ya mtoto, akagusa lile fungu la pembeni.

"Na hili la nani?"

"La mashua," Wardah akajibu, akishangaa kuulizwa jambo kama hilo.

"Mashua inakula samaki?"

"Haili. Laja kwechu. Baba keshakufa," akasema kwa lugha ya kisiwani kwao.

Nami nitasema wazi, sijapata kumheshimu mwalimu kama nilivyomheshimu yeye dakika ile. Wengi huuliza ili wasikie jibu walilokuja nalo. Yeye alitaka kujua mtoto anafikiri nini, akavumilia mpaka akajua.

"Basi wavuvi hawa hawana mashua," akasema. "Huvua kwa miguu, maji yakiwa magotini."

Safari hii Wardah hakugusa hata kome moja. Aliyatazama tu yalivyotawanyika mkekani, akasema, "Wane wane."

Khairat akacheka kwa furaha, akashika kalamu. Lakini Wardah hakuwa amemaliza. Alikuwa bado anawatazama wale wanasesere, na uso wake ulikuwa umejaa huruma.

"Na babao akifa," akauliza, "hao wachu hula nini?"

Kalamu ikasimama. Niliyaona macho ya Khairat yakilengwa na machozi.

"Sijui, mwanangu," akasema.

Kisha akaandika jina lake, Wardah Walidi, darasa la kwanza, nami nikalia palepale mbele ya wazazi wote.