Rangi ya Harusi

Bisibisi ilizama ndani ya ubao mpaka kwenye mpini, na baba, mtu asiyekosa neno hata msibani, akaguna tu.

Tulikuwa tumepiga magoti kwenye baraza ya mbao nyuma ya nyumba, yeye upande wa ngazi, mimi karibu na mlango wa jikoni. Asubuhi nzima tulikuwa tukikwangua rangi. Kila mwaka kabla ya mvua baraza ile ilidai kazi yake: kuchokoa majani yaliyokwama katikati ya mbao, kukaza skrubu zilizolegea, kupaka upya palipobanduka. Nilikuwa nimefika juzi yake na begi moja, nikamwambia nimekuja kumsaidia. Mficha uchi hazai, najua, lakini mimi nilijificha nyuma ya kikwanguo. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba sirudi tena kwa mume wangu.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mara mbili nilisharudi nyumbani, na mara mbili baba na baba mkwe wangu waliitisha kikao, wazee wakaketi barazani hapo hapo na maswali yao yale yale. Anakupiga? Hapana. Analewa? Hapana. Anakunyima chakula? Hapana. Sasa unataka nini, binti? Nilishindwa kuwaeleza jinsi mtu anavyoweza kukaa wiki tatu bila kukusemesha, akipita mbele yako kama apitaye mbele ya kabati, kisha mgeni akibisha hodi anageuka asali. Wazee walimtazama wakaridhika, nami nikarudishwa.

Rangi tuliyokuwa tukikwangua ilipakwa wiki ya harusi yangu, miaka saba nyuma. Baraza ilikuwa mpya, mbao zake bado zinanukia. Fundi aliyeijenga, mzee mfupi mwenye penseli sikioni, alimsihi baba aipake mafuta tu.

"Mbao inataka kupumua, mzee. Ukiifunika na rangi nzito, maji yakishaingia hayana pa kutokea."

"Fundi," baba alicheka, "wageni wanakuja kuona, hawaji kupumua."

Akanunua rangi ya kahawia inayong'aa, akapaka matabaka matatu kwa mkono wake mwenyewe. Ndugu wa bwana harusi wakaziona sura zao sakafuni. Nami nakiri, katika picha za siku ile nilipendeza, na nilifurahi. Baba ndiye aliyenichagulia mume, mtoto wa rafiki yake wa kazini. Nilipositasita alinipa neno lake kwamba ni kijana mwema, na neno la baba kwangu lilikuwa limetosha tangu utotoni. Kila mwaka baada ya hapo aliongeza tabaka jingine la rangi.

Sasa alichomoa bisibisi, akachokonoa. Ubao ulitoka vipande vyeusi, vibichi, laini kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Akajaribu ubao wa pili, kisha wa tatu. Juu zote zilikuwa bado zinang'aa.

"Mchwa?" niliuliza.

"Mchwa wa watu wamekosa nini?" Akaketi chini kabisa, miguu kainyoosha kama mtoto. "Fundi aliniambia nikamcheka. Huu ubao nimeuozesha mimi."

Miaka mingi imepita, na mpaka leo sijui kama alilisikia neno lile kabla halijamtoka. Kwetu ni neno moja, la ubao na la binti. Lakini nililiona likimrudia. Alinitazama kwa muda mrefu, kwanza usoni, kisha mikono yangu iliyokuwa imekonda.

"Na wewe," alisema polepole, "nilikuozesha mimi."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, maana lilikuwa neno la kuchekesha. Kisha kicheko kikaniharibikia njiani, nikawa nalia, vumbi la rangi likinigandia mashavuni.

"Baba, sirudi."

Safari hii hakuuliza kama napigwa. Alisema tu, "Nieleze." Nikamweleza kila kitu, siku hadi siku, na zile wiki tatu pia, na baba, bingwa wa kukatiza watu, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alijishika magoti, akainuka kwa taabu, akaingia ndani kutafuta simu yake.

Baba akipiga simu hupaza sauti kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto. Kwa hiyo nilisikia salamu zote, na hali za watu wa nyumba ile, mmoja mmoja. Nikadhani tumerudi kule kule. Halafu sauti ikashuka.

"Binti yangu yuko kwangu," alimwambia baba mkwe wangu. "Hapana, bwana. Siitishi kikao. Nakuarifu."

Niliokota kikwanguo, nikaendelea na ubao uliofuata.