Kulungu wa Nyuma ya Choo

Msimu wa kuwinda kwa magobore ulikuwa umebakiza siku hiyo moja, na Verna Hoffecker hakuwa ameona hata mkia wa kulungu. Katika milima ya Pennsylvania, huko Marekani, Januari ikifika sheria inaruhusu bunduki moja tu: gobore la kale linalowashwa kwa jiwe la cheche. Msitu wenyewe ni wa umma, maana yake kila mwenye kibali na buti anajiona mwenye nyumba. Tangu Novemba wawindaji walikuwa wameukanyaga mpaka kulungu waliosalia wakawazidi akili.

Nyama ya dukani ingepatikana, lakini Emil, mumewe, hakuitaka. Tangu kiharusi kimwangushe Septemba, upande wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalimtoka moja moja. Wiki hiyo alikuwa akinywa vijiko viwili vya supu, kisha anageukia ukutani. Kitu kimoja tu alikiomba: mnofu wa mgongo wa kulungu, uliokaangwa kwa siagi na vitunguu, kama kila Januari ya ndoa yao. Verna aliogopa, tena sana, kwamba akiukosa, mumewe hataiona theluji ikiyeyuka.

Alfajiri uwanja wa magari ulikuwa umejaa pikapu. Wanaume walikuwa wakijiandaa kuteremka bondeni, mbali, kwa kuwa kila mmoja aliamini kulungu wako mahali ambapo wenzake hawafiki. Dwight Renninger, fundi bomba wa mtaani kwao, akamwita.

"Mama Verna, twende zetu."

"Goti limegoma."

"Sasa utawinda wapi?"

Verna akaelekeza kidevu kwenye kichaka cha miiba nyuma ya choo cha mbao, pale pale uwanjani. Wanaume wakaangua kicheko.

"Mama, wanaokwenda huko si kulungu, ni sisi!"

"Cheka tu, mwanangu. Ukirudi mikono mitupu utanikuta hapa hapa."

Wakaondoka, taa zao zikimezwa na miti. Verna hakuwa akibahatisha. Miaka mingi alikuwa amemsindikiza Emil na kubaki ndani ya pikapu akifuma soksi, na zaidi ya mara moja aliwaona kupitia dirishani: wawindaji wakishapita, kulungu wanarudi kimya kimya na kujilaza kwenye kile kichaka ambacho hakuna aliyekitazama. Alimweleza Emil. Emil akamwambia, "Ulisinzia, mke wangu." Verna akaendelea na soksi zake.

Sasa aliketi chini ya msonobari, gobore la Emil mapajani, kiganja kikifunika baruti ya kuwashia isinyeshewe na theluji. Vidole vilikufa ganzi. Aliwaza kwamba labda kweli alisinzia miaka ile. Ndipo jike mnene akatokea bondeni kwa mwendo wa mtu anayerudi kwake, akapita kando ya choo, akasimama ubavu wazi.

Verna akalenga, akavuta kifyatulio. Cheche, moshi, kisha mlio. Moshi ulipotawanyika, jike alikuwa chini.

Alipiga goti lake bovu kwenye theluji, akaweka mkono kwenye shingo iliyokuwa bado na joto. "Asante," alisema kwa sauti, na machozi yakamtoka bila aibu.

Dwight alirudi mbio akihema. "Nani kapiga huku chooni?" Alipoona, akavua kofia. "Lo! Kumbe nimetembea bonde zima nikiwafukuzia kwako!"

"Na nakushukuru, baba. Sasa nisaidie."

Alimsaidia kupasua, kuburuta na kupakia. Verna akamkabidhi moyo, kwa kuwa kwao moyo ni wa aliyesaidia kuburuta.

"Mama, hatua hizi chache tu?"

"Mkono ni mkono. Chukua."

"Mwaka kesho naleta kiti, nakaa humo humo chooni."

Jioni vitunguu vilinukia nyumba nzima. Emil aligeuka kutoka ukutani.

"Wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya choo."

Nusu ya uso wake ikakunjuka, na kicheko kikamtoka, kidogo na cha kukwaruza. Verna hakuwa amekisikia tangu Septemba. Akakata kipande cha kwanza, akakiweka kwenye sahani ya mumewe, kama alivyozoea. Nyumbani kwao kipande cha kwanza ni cha aliyepiga, na miaka yote mpigaji alikuwa Emil.

Emil akakitazama. Kisha kwa mkono wa kushoto akaisukuma sahani mpaka mbele ya mkewe.

"Chako," alisema. Akahangaika na ulimi mpaka neno la pili likatii. "Hukusinzia."

Verna alikila kipande kile huku akilia. Alipoinua macho, Emil alikuwa amefungua kinywa, anangoja cha pili.