Swali Lililochekesha Ukumbi

Joviale aliweka mémoire yake, kazi yake ya kuhitimu, mezani, na Anaclet akaona mara moja kwamba ilikuwa imekonda.

"Inabaki tu signature yako, Prof."

Ndivyo mambo yalivyokwenda katika chuo chao. Mwanafunzi akishatetea kazi yake huirekebisha kama jury ya walimu ilivyoamuru, kisha msomaji aliyemhoji hutia sahihi. Anaclet, mwalimu wa mantiki kwa miaka kumi na sita, alikuwa ndiye msomaji huyo. Alifungua jedwali la yaliyomo.

"Sura ya tatu iko wapi?"

"Mulisema itoke."

"Nani alisema?"

"Jury. Juu ya ile swali yako."

"Haikukuwa swali."

"Basi ilikuwa nini?"

Kazi ya Joviale ilihusu nafasi ya kicheko katika falsafa. Wiki mbili nyuma, mbele ya ndugu zake waliojaza ukumbi kwa vitenge vya sare, alikuwa ameeleza desturi ya kijijini kwa babu yake. Mzee akifa, mjukuu huvaa kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake na namna alivyozoea kudai pombe, nao waombolezaji hucheka huku machozi hayajawakauka. Kicheko hicho, alisema, ni njia ya kufikiri. Ilipofika zamu yake, Anaclet alivua miwani na kusema kwa Kifaransa: "Mademoiselle, siku nikifa, familia yangu iite padri au mchekeshaji? Niambie mapema, maana mchekeshaji hudai avance kabla hajafika."

Ukumbi ulilipuka. Rais wa jury mwenyewe aliinamia meza, mabega yakimtikisika. Kelele zilipopungua, Joviale alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, na muda wake umekwisha. Walimpa douze, pointi kumi na mbili kati ya ishirini. Ili abaki chuoni kama assistante, mwalimu msaidizi, alihitaji quatorze, kumi na nne.

Mlango uligongwa. Aliingia mama mwenye kifurushi cha sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, akasimama karibu na binti yake.

"Ni maman yangu, Georgette," alisema Joviale, bila kumtazama Anaclet. "Anauza samaki kwa soko ya Nyawera. Alisema lazima akusalimie."

"Aksanti, Papa Prof!" Maman Georgette alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Kifaransa sisikii, lakini ile siku ulifurahisha watu! Na mimi nilicheka mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka. Nilijiambia, angalia vile wakubwa wanapenda mutoto wangu. Kule soko wote wanajua."

Anaclet alipokea kifurushi. Kilikuwa chepesi, na alikosa pa kukiweka.

"Maman, munipe saa moja," alisema mwishowe. "Mukae pale inje kwa benchi."

Walipotoka alishusha kopi ya zamani ya kazi hiyo kutoka kwenye rafu. Wanafunzi waliijua penseli yake; haikuacha koma ipite. Utangulizi ulijaa alama hadi pembeni. Sura ya kwanza na ya pili vilevile, na hitimisho. Sura ya tatu ilikuwa nyeupe, bila alama hata moja. Kopi hiyo aliipata siku nane kabla ya utetezi, na siku ya saba alihesabu kurasa zilizobaki, akaamua kwamba habari za matanga zinaweza kurukwa.

Alizisoma sasa kurasa hizo zote kumi na tisa. Katika ukurasa wa nne Joviale alionyesha kwamba hakuna sifa ya padri inayomweleza marehemu kwa usahihi kama kofia ile iliyopinda upande. Katika wa kumi na moja aliandika kwamba ruhusa hiyo ni ya mjukuu aliyelala chumba kimoja na mzee na kumjua; mtu asiyemjua marehemu akithubutu kumfanyia mzaha, wenyeji humtoa uani. Anaclet alitafuta kosa katika hoja, kwa desturi, na pia kwa matumaini. Halikuwepo.

Alimwita Joviale peke yake.

"Hii sura sikuisoma."

"Nilijua, Prof."

"Ulijua?"

"Ile siku kopi yako ilikuwa wazi kwa meza. Kwingine crayon imejaa, pale hakuna kitu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mutu akisha kuchekwa na salle nzima, hata akileta ukweli wataendelea tu kucheka."

Anaclet alivuta karatasi. "Wakubwa wa conseil ya faculté wanaketi siku ya vendredi. Nitaandika kwamba sikusoma, na sura irudi, na pointi ziangaliwe tena."

"Andika. Lakini maman asijue. Kwake ile siku ilikuwa ya furaha."

"Barua itasomwa mbele ya conseil."

"Conseil hainunue sambaza Nyawera, Prof."

Barua ilikuwa na mistari sita. Aliipeleka mwenyewe kwa sekretari wa doyen, mkuu wa kitivo; sekretari huyo alikuwa Barthélemy, ambaye siku ya utetezi alikaa safu ya mbele. Barthélemy alisoma mstari wa kwanza, akaanza kutabasamu. Alipofika wa tatu alikuwa anacheka waziwazi.

"Eh Prof! Weye? Kurasa kumi na tisa? Utatuua, wallahi!" Akageukia mlango wa ndani. "Francine, kuja usikie ya Prof Anaclet!"

Francine, mwenzake wa ofisi, alikuja. Barthélemy alimsomea kwa sauti, naye akashika ubavu. Anaclet alisimama mbele ya meza akitaka kusema kwamba si mzaha, na kila alipofungua kinywa walicheka zaidi. Hakujua aiweke wapi mikono yake. Akangoja.

Ilichukua muda. Francine ndiye aliyeacha kwanza.

"Barthélemy," alisema kwa sauti ya chini, "muangalie."

Barthélemy alimwangalia, kisha akaangalia karatasi, akaisoma upya tangu juu, midomo ikicheza bila sauti.

"Prof, nikiandika hii kwa registre, haitoke tena."

"Iandike."

Barthélemy alifungua daftari, akatafuta mstari mtupu.