Waliohama

Mama alikuwa anapiga pasi majoho ya kwaya, akiyanyunyizia maji kwa vidole, mwanawe wa kiume alipobisha hodi. Jua lilikuwa linazama, watu wanatoka kazini, na jirani alikuwa ameanza kugombana na redio yake. Mama aliiweka pasi pembeni isije ikaunguza, akafungua mlango. Mwanawe alikuwa amesimama kizingitini, begi begani, godoro limekunjwa na kufungwa kamba chini ya kwapa. Alinuka moshi kidogo. Alikuwa amekufa tangu mwaka wa ugomvi.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nimehamia wapi?"

Mama aliitikia, akamwambia aingie, akae. Aliingia lakini hakuweza kukaa. Mtu aliye katikati ya kuhama hakai, hata umvutie kiti namna gani. Alisimama karibu na mlango mpaka taa za barabarani zikawaka, akaaga kwa adabu, akaenda. Kesho yake alirudi na swali lile lile, na keshokutwa pia.

Shida ilikuwa neno. Zamani kidogo, washarika wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini waligombania kanisa: mchungaji awe wa nani, ukumbi uwe wa nani, na mwishowe nani alimtazama nani kwa jicho gani. Siku moja wanakwaya wa mtaa wa chini walikuwa chumbani kwao wakifanya mazoezi. Mlango ukapigiliwa misumari kwa nje, chumba kikachomwa moto. Misumari haijipigilii, na mtaa wa juu ulikuwa na fundi seremala mmoja tu.

Mchungaji mpya alipokuja, alihangaikia upatanisho mpaka suruali zikawa zinamvuka. Alipanda juu akatukanwa, akashuka chini akatukanwa, akapiga magoti, akapanda tena. Hatimaye pande zote mbili zikakaa meza moja. Walikubaliana kila kitu isipokuwa neno la kuwaitia wale wa chumbani. Mtaa wa chini walitaka "waliouawa". Mtaa wa juu wakasema hilo halimezeki. Likapendekezwa "waliofariki", likaonekana nalo bado linanyoosha kidole. "Waliotutoka" lilikaribia kupita, ila mzee mmoja akauliza wametutoka kwa sababu gani, mkutano ukaanza kuchemka upya. Njaa ilipozidi, mtu fulani akasema "waliohama", na kila mmoja akajikuta hana pingamizi. Tamko likasomwa kanisani. Watu walilia, wakakumbatiana, na hawakuwa wanaigiza.

Tangu siku hiyo waliohama wakaanza kuonekana na mizigo yao. Walikuwa watu watiifu hata walipokuwa hai. Huyu alibeba ndoo iliyojaa vyombo, yule cherehani kichwani, wakizunguka mitaani kuulizia nyumba. Madalali waliwazoea, kisha wakawa wanawakwepa. Jumapili walikuja kanisani wakaimba kutoka walipokuwa wamesimama. Mwalimu wa kwaya hakulalamika, kwa sababu besi ilikuwa imepwaya sana bila wao.

Dada mdogo wa yule mwenye godoro aliishi hapo kwa mama, na alikuwa mwandishi wa hadithi. Mchana aliwachapia watu barua za kuomba kazi katika duka la kudurufu, jioni aliandika mambo ambayo hayakutokea. Wapangaji wenzake walimwita Mama Uongo, naye aliitika bila kununa. Mwenyewe aliamini ameitwa, kama wengine wanavyoitwa kuhubiri. Alipomwuliza Mungu kwa nini amwitie kwenye uongo, hakujibiwa. Mtu wa kwanza kumwambia kwamba ule ni wito wa kweli alikuwa mchungaji, na hilo hakulisahau. Kwa hiyo mchungaji alipomwomba hadithi fupi ya kusomwa Jumapili ya Amani, alikubali hata kabla hajamaliza kuomba.

Aliiandika jioni, kaka yake akiwa amesimama mlangoni. Ilikuwa hadithi ya kwaya moja katika mji mmoja. Alipofika panapohusika aliandika "waliuawa", akalisoma kwa sauti ili asikie lilivyokaa. Begi la kaka yake likateleza kutoka begani, likaning'inia kwenye kiwiko.

"Hebu soma tena," mama alisema.

Alisoma tena, na tena, lakini begi halikushuka zaidi ya hapo. Wote watatu waliona tatizo liko wapi. Neno lililopitishwa mbele ya kanisa zima halitenguliwi sebuleni.

Mchungaji aliisoma ofisini kwake, akavua miwani, akamwomba abadilishe neno moja tu.

"Bwana aliwaambia wanafunzi, 'Amani iwe kwenu,'" mwandishi alisema, "halafu akawaonyesha mikono yake ilivyotobolewa. Hakuificha mfukoni."

"Ni kweli," mchungaji alisema. "Lakini hakumtaja aliyepigilia misumari."

Mchungaji hakufurahia kumshinda. Alimwambia taratibu kwamba vijana wa mtaa wa chini wamekua, kwamba wanangoja sababu tu, na kwamba yeye hana tena nguvu za kuzika. Hakuwa anatia chumvi. Alimrudishia karatasi zake, akamwambia aende akaombe, kisha afanye kadiri atakavyoongozwa. Alikwenda akaomba. Kilichomwongoza ni begi la kaka yake.

Jumapili ya Amani kanisa lilifurika. Mtaa wa juu walikaa kulia, mtaa wa chini kushoto, waliohama wakasimama kuzunguka kuta zote na mizigo yao. Mwandishi alisogezewa kipaza sauti. Alisoma kwa sauti ya kawaida, bila kupandisha wala kushusha, na alipofika kwenye neno hakulipunguzia mwendo. Waliuawa, alisoma.

Mizigo ikatua. Ndoo, magodoro na cherehani vilitua chini kwa mkupuo mmoja, vumbi likapanda mpaka madirishani. Kaka yake alipita kati ya viti, akaenda akakaa karibu na mama, akashusha pumzi. Mama hakugeuka kumtazama. Aliweka mkono juu ya goti lake na kuuacha hapo.

Fundi seremala akasimama. Siku hizi alikuwa mzee wa kanisa, kichwa kimejaa mvi, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Hadithi nzuri, mwanangu," alisema. "Ni ya kubuni, siyo?"

Nyuma, vijana wa mtaa wa chini walikuwa wamekwisha kusimama. Mmoja wao alikuwa ameshaufunga mlango wa kanisa kwa komeo na kuuegemea. Upande wa kulia watoto walikuwa wamepakatwa na mama zao, wengine wamelala. Mwandishi aliwaona hao, akamwona mchungaji ameshika kingo za mimbari kwa mikono miwili, akamwona kaka yake amekaa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Ni ya kubuni."

Komeo likafunguliwa, hewa ikaingia. Vijana wakakaa mmoja mmoja. Kaka yake aliutoa mkono wa mama gotini pake kwa upole, akainuka, akaenda kuokota begi na godoro. Kuzunguka kuta zote wenzake nao walikuwa wanainama, wanatwishana. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa kipaji cha dada yetu, na sauti yake ilikatika katikati ya sala.

Ratiba ikaendelea. Katibu akawaomba wageni wasimame wajitambulishe, na kwa kuwa waliohama walikuwa wamesimama tayari, wakahesabiwa humo. Kaka yake alipofikiwa alitaja jina lake, akasema anatoka hapa hapa. Watu wakampigia makofi. Fundi seremala alikwenda akampa mkono, akamwambia ajisikie yuko nyumbani. Ikawa ndiyo desturi. Kila Jumapili hukaribishwa, hupigiwa makofi, na wa mtaa wa juu ndio hupiga kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyepigana tena, na wageni kutoka sharika nyingine huja kujifunza jinsi amani ile ilivyopatikana.

Jioni ya siku ile kaka yake alibisha hodi kama kawaida, lakini hakumwuliza mama kitu. Alinyoosha moja kwa moja mpaka kwenye meza ya dada yake.

"Kumbe mimi ni wa kubuni," alisema bila kinyongo. "Basi nibuni mahali, mdogo wangu. Begi hili ni zito."

Dada yake alilia, akapangusa uso kwa kiganja, akavuta karatasi. Anaandika mpaka leo. Amekwisha kumwandikia nyumba yenye vyumba vikubwa, kitanda, kabati, mke mcheshi, dirisha la kutazamia barabara. Mama hupiga pasi nyuma yake na kuuliza mwanawe amefikishwa wapi.

"Yuko mlangoni, mama."

"Mwandikie aingie."

Hilo alishaliandika mara nyingi. Kila mara kaka yake huinama juu ya bega lake, hulisoma mpaka mwisho, husema limeandikwa vizuri, na hubaki amesimama.