Kidole Kilichodai Isale

Jana mchana niliota, na nilisinzia nikiwa na hasira, kwa hiyo hata ndoto yenyewe iliingia kwa shari.

Hasira ilikuwa hivi. Kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kilikuwa kimevimba, chekundu, kinawaka moto. Jongo, ule ugonjwa wa viungo. Binti yangu Aikande, anayeolewa Jumamosi, aliingia kunijaribisha viatu vya kumpeleka madhabahuni, na gauni lake likakigusa. Nilipiga ukelele, nikamwambia atafute baba mwingine. Akatoka. Nilijua nimekosea, na hilo ndilo lililonizidishia hasira.

Basi nimelala, kidole kinajiinua, kinakohoa kama mwenyekiti wa kikao.

“Umelala?”

“Nimelala. Unataka nini?”

“Isale.”

Ebo! Kwetu Uchagani ukimkosea mtu sana, unachuma jani la isale, unampelekea. Uliyempelekea hawezi kukunyima msamaha. Lakini kidole?

“Mimi nikuombe radhi wewe? Wewe ndiye unayeniunguza!”

“Daktari alisema kidonge kila siku. Kila siku maana yake nini?”

“Kila siku inayouma.”

“Kila siku inayouma,” kikarudia polepole, kikaandika.

Mlango ukagongwa. Akaingia ng’ombe wa miguu mitatu, akajipangusa kwato zote tatu kwenye zulia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Nimefuata mguu wangu.”

Ni kweli, tangu maumivu yaliporudi nilikuwa nakunywa kila asubuhi supu ya kongoro, yaani miguu ya ng’ombe. Watu wote wa bucha la jirani wanajua kwamba viungo vikiuma ni grisi imepungua, na mguu hutibiwa kwa mguu. Nilikuwa nimewatibu hivyo hivyo mashemeji wawili.

“Ulipata nafuu?” ng’ombe akauliza.

“Sikupata.”

“Basi nirudishie.”

“Umo humo ndani!” nikafoka, nikamwonyesha kidole. Ng’ombe akasukuma kucha kwa pembe. Ilikuwa mlango. Tukaingia.

Ndani ni kanisani kwetu, viti vile vile, ila sakafu yote imemwagwa chembe nyeupe zenye ncha, mfano wa chupa iliyopondwa. Figo zangu mbili zimevaa aproni, zinafagia kwa ufagio mmoja uliokwisha.

“Huu uchafu wa nani?”

“Wako,” zikajibu pamoja, wala hazikuinua macho. “Asidi ya yuriki. Unaleta utumbo, unaleta maini, unaleta kongoro, unashushia na bia. Sisi tunaitoa kwa maji. Ikizidi inaganda, inakuja kukaa hapa. Maji unakunywa lini?”

“Nakunywa.”

“Ya kusukutulia.”

Nilitaka kuzizaba kibao, lakini figo za mtu ni mbili tu.

“Mimi nilishapona! Mwezi wa tano nilipona kabisa, ndiyo maana nikaacha vidonge!”

“Maumivu yalipoa,” zikasema. “Chembe zilikuwepo.”

Nikatazama mbele. Aikande amesimama mlango wa pili na gauni lake, peku, hana mtu wa kumshika mkono. Kati yake na mimi ni chembe tupu. Nikapiga hatua moja, nikaona nyota, nikarudi nyuma.

“Ondoeni hizi! Jumamosi ndiyo hiyo!”

“Hazikuja kwa siku moja,” zikasema, zikaendelea kufagia.

Aikande akaona baba hasogei. Akaanza kuja yeye. Anakanyaga zile chembe peku, hata uso haukunji.

“Simama, Aikande! Simama nakwambia!”

Hasimami. Loo, nilijichukia! Nilichukia kongoro, nikachukia bucha, nikachukia mdomo wangu uliomfukuza mtoto kwa ajili ya kidole.

Ng’ombe akatoka nje kupitia dirishani, akarudi na jani la isale mdomoni.

“Niwie radhi,” akasema. “Ukingo nimeula. Nilikuwa na njaa.”

Nikalishika, nikakielekezea kidole. “Haya, chukua.”

“Sikusema ni langu,” kidole kikasema. “Mimi nipe dawa na maji, nitatulia. Yule mtoto je?”

Nikazinduka. Jua bado liko dirishani, kidole kinauma vile vile. Katikati ya kidole gumba na mwenzake limebanwa jani la isale, bichi, ukingo umemegwa nusu mwezi, limelowa mate. Sisi hatufugi ng’ombe.

Mama Aikande akaingia na bakuli. “Kongoro lako limeiva.”

“Wape mbwa!”

“Makubwa haya! Baba Aikande, unaumwa nini leo?”

“Niletee jagi la maji. Na kesho unanipeleka kwa yule daktari, nikamwambie mwenyewe upumbavu nilioufanya.”

Nikajikokota hadi sebuleni kwa kushika ukuta, natukana kila hatua. Aikande alikuwa anakunja gauni kulirudisha kwenye sanduku, macho mekundu. Nikamnyooshea jani. Akalikagua kwa macho, mikono yake bado iko kwenye gauni.

“Baba, hili nani kaling’ata?”

“Lipokee kwanza!” nikasema kwa ukali, kwa sababu hasira ilikuwa haijanitoka.

Akalipokea.