Plasta Juu ya Taa

Mume wangu Eliudi hajawahi kuamini neno la mwenye duka, na sababu yake naijua: yeye mwenyewe alikaa nyuma ya kaunta. Miaka ile ya dhiki, kabla ya ruksa ya biashara huria, alikuwa mtunza bohari wa duka moja la umma hapa Tanga. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri, yeye anatoka na funguo kiunoni, anatangaza kwamba hakuna. Na sabuni imejaa huko nyuma hadi darini. Ukiwa mjinga unakwenda zako, ukiwa mjanja unazunguka mlango wa uani. Siku nyingine aliwaambia sabuni iliyopo ni mbovu, ina magadi, itawachubua ngozi. Basi hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, kawekewa bwana fulani. Mji mzima tulijifunza kusikia maneno kinyumenyume. Ukiambiwa hakuna, ujue ipo. Ukiambiwa mbovu, ujue si yako.

Nayasema haya mwanzo ili mtu asije akaniambia Eliudi alikuwa mpumbavu. Si mpumbavu hata kidogo. Angekuwa mpumbavu, baba yangu angekuwa hai.

Ruksa ilipokuja na madukani kukajaa redio na mitumba, Eliudi aliacha kazi akaanza kununua mbata, zile nazi kavu, Pangani na Mwera na kuziuza kwa wenye viwanda vya mafuta. Biashara ikamkubali. Kilichomuuma ni kuwa watu bado walimwona karani. Mimi nilimwambia anunue pikapu ya kubebea mbata zake. Yeye alitaka Benzi.

Benzi lilikuwako Raskazone kwa mzee Nurmohamed, muuza vitambaa. Nyumba ile naijua, maana nimemshonea mkewe Rehmatbai miaka mingi, na chai yao nimeinywa barazani kama mtu wa kwao. Gari lilikuwa jeupe, viti vya ngozi. Ulipoanza ule msako wa wahujumu uchumi, mzee aliogopa kuonekana na mali, akalifunika turubai gerejini, na humo likakaa hata panya wakazalia ndani. Sasa mtoto wao Asif alikuwa amewaita Kanada. Nyumba ilishapata mtu, likabaki gari.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi na chevda ya kutafuna kwenye kisahani. Mzee akaliwasha gari, likaunguruma vizuri. Lakini pale mbele ya usukani taa mbili nyekundu za breki ziliwaka, na hazikuzimika. Mzee akazima injini, akashuka taratibu, akafuta mikono kwa leso.

"Bwana Eliudi, gari hili lisitoke hapa," akasema. "Breki zake zimekufa. Limekaa mno, mipira yote imekauka. Nimeagiza vifaa Mombasa. Vikija, fundi avitie, ndipo ulichukue. Rehmatbai, na wewe Mama Queen, mmenisikia, nyinyi ni mashahidi. Kwetu sisi kuuza kitu na kuficha ila yake ni haramu."

Mama Queen ndimi, kwa jina la binti yetu. Mimi nilisikia alichosema. Eliudi alisikia kingine. Niliuona uso wake ukichanua lile tabasamu la kaunta, akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba kuna mkubwa kawekewa gari hilo, na kwamba mchezo huo yeye ameucheza kabla mzee hajaufikiria. Nikamwambia nyumba hii wakisema mchele umekwisha, basi umekwisha, nimeshaona. Akanicheka. Akasema mshona nguo atajua nini habari za wauzaji.

Basi akapandisha bei. Mzee akakataa, akataja breki. Akapandisha tena. Kadiri mzee alivyozitaja breki, ndivyo Eliudi alivyozidi kupandisha, maana kila neno la kumwonya alilihesabu kuwa ni jina la mnunuzi mwingine. Tukawa tunakwenda na kurudi, chai ileile, chevda ileile, mpaka mzee akachoka. Safari ilikuwa imekaribia na vifaa vya Mombasa havionekani. Akapokea. Angeweza kukataa mpaka mwisho, na hilo nalo nalisema, mimi si wakili wake. Ila alipotoa ufunguo aliyarudia maneno yale mbele yetu, na Rehmatbai akaniminya mkono.

Hapa mtaani kwetu Usagara watu walitoka majumbani kuliangalia. Eliudi akawa anakwenda dukani kununua kiberiti kwa Benzi. Taa zile tu ndizo zilizomkera, maana kila aliyempakia aliziuliza. Siku moja akanijia na sanduku langu la dawa, akakata vipande viwili vya plasta ya kidonda, akavibandika juu ya taa zile. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba Mhindi alizitega zile taa makusudi, kutishia wanunuzi. Na Tanga mji tambarare. Breki zilishika ukikanyaga mara mbili tatu, naye akajiona ameshinda.

Baba yangu Alexander alikuwa akiishi Mwera. Alikuja kutoka Songea kama manamba, akakata mkonge mpaka shamba likafa, akabaki na minazi yake michache. Mwaka ule mguu ulimvimba hata akashindwa kutoka nje. Tukakubaliana aje Tanga kutibiwa. Nilisema tumlete kwa lori la mbata, tumlaze kwenye godoro. Eliudi hakutaka kusikia. Alitaka Mwera wamwone, na sitasema uongo, baba alimpenda pia. Moyo wa mtu huchanganya mambo hivyo.

Kwenda tulifika salama, tukavuka mto Pangani kwa pantoni. Asubuhi yake tukarudi. Baba alikaa nyuma, mguu juu ya mto wangu wa kulalia, akipapasa ile ngozi ya kiti. Alisema meneja wa shamba lao alikuwa na gari kama hili, nao walikuwa wakivua kofia likipita, na hakuwahi kudhani kwamba siku moja atalikalia. Nilicheka. Nilikuwa na furaha, nalikiri hilo nalo, ilikuwa safari nzuri.

Tulipofika Bweni pantoni lilikuwa bado ng'ambo. Pale kivukoni abiria wote hushuka, wakateremka kwa miguu, gari likafuata na dereva peke yake. Nikashuka na kikapu changu. Mtu wa kivuko akasema mzee naye ashuke. Eliudi akamjibu kuwa mgonjwa hashushwi, tena ndani ya gari kama hili. Nami nikatangulia, nikasimama kando ya maji. Eliudi akaanza kuliteremsha gari kwenye mteremko wa kivuko, apate kuwa wa kwanza kupanda.

Nikamwona bega lake likipanda na kushuka, anakanyaga, anakanyaga. Akavuta breki ya mkono ikaja juu yote bila kushika kitu. Gari likanipita karibu kiasi cha kuugusa mlango. Baba alinitazama dirishani, hana hofu, anadhani tunakwenda tu. Kabla ya maji Eliudi akafungua mlango akaruka. Baba mguu haukumruhusu. Watu wa kivuko walijitosa, wakahangaika, na walipomtoa alikuwa ameshakwisha.

Tulimzika Mwera, matanga yakakaa kwetu Usagara. Kila aliyekuja kuhani, Eliudi alimpa kisa kimoja: Mhindi kamwuzia jeneza, na sasa anataka kupanda ndege. Vijana wa mtaa wakaanza kusema waende Raskazone. Ndipo mzee Nurmohamed akaja mwenyewe, kwa miguu, na mfuko wa sukari mkononi. Akavua viatu, akakaa mkekani na wanaume. Timotheo, kaka yake Eliudi, ndiye aliyesimamia msiba. Akamwuliza kama alijua breki ni mbovu.

"Nilijua," mzee akasema. "Nami nilimwambia. Mama Queen alikuwepo."

Nilikuwa ndani na wanawake. Nikaitwa mlangoni. Nilijua nikinyamaza, vijana wale watamwua yule mzee kabla hajafika hata barabarani. Na nikisema, nitakuwa nimetamka mbele ya ndugu za mume wangu kwamba yeye ndiye aliyemuua baba yangu, na nyumba ile haitakuwa nyumba yangu tena. Eliudi hakuinua macho. Kwenye kiwiko alichochubua aliporuka alikuwa amebandika plasta ya sanduku langu.

"Alisema," nikasema. "Alisema gari lisitoke, akatuweka mashahidi. Taa zilikuwa zinawaka, Eliudi akazibandika plasta kama hiyo aliyo nayo mkononi."

Pakawa kimya. Nilidhani kimya kile ni cha watu walioelewa. Kisha mwanamke mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, maskini, huyu kapewa nini. Timotheo akasema msiba umemvuruga shemeji, nirudishwe ndani nikalale. Akawakataza vijana wasimguse mzee, kwa kuogopa polisi, si kwa kuniamini. Mzee Nurmohamed akavaa viatu vyake, akanipa pole, akaenda zake. Kufika alasiri mtaa mzima ulishajua kwamba nimehongwa majora ya vitambaa. Walibishana tu ni mangapi.

Niliwasamehe, kwa kuwa hawakuwepo Raskazone. Eliudi alikuwepo. Jioni wageni walipopungua alinifuata jikoni, akasimama karibu yangu kama mtu anayetaka amani. Nikajua anakuja kuniomba radhi kwa ajili ya baba yangu, na Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kumpa.

"Mama Queen," akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira. "Alikupa nini?"

"Hakuna," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole, na lile tabasamu la kaunta likamjia usoni.