Dohani ya Nne

Kitendawili! Usiniitikie kwa mdomo tu, nitegee na sikio. Kijiji kizima kinasafiri, na hakuna hata mmoja aliyeinua mguu.

Ukishajua, nyamaza kwanza. Hata mwanangu Nyakundi alijua upesi, akacheka, na kicheko hicho kikamkwama kooni kama mwiba wa omena, dagaa wa ziwani. Kitendawili changu kilikuwa na mkia.

Siku mjukuu wangu Drusilla aliporudi kutoka melini, nyumba ya baba yake hapa Mosocho ilijaa mpaka watu wakakalia kreti za soda. Alikuwa akitandika vitanda na kusafisha vyumba katika meli moja ya starehe, zile ambazo watu hupanda si kwa kuwa wana mahali pa kwenda, bali kwa kuwa wana mahali pa kula. Nyakundi, ambaye huuza mabati na misumari mjini Kisii, alikuwa amevaa koti la harusi.

"Hebu waeleze, mama," akamwambia binti yake. "Hawa wanadhani meli ni mitumbwi ya Homa Bay."

Drusilla akatutajia sitaha, mabwawa ya kuogelea na ukumbi wa sinema, upesi upesi kama mtoto anayekariri mstari wa Biblia asioupenda. Kisha akasema kulikuwa na picha ya meli ya zamani katika ujia wa vyumba alivyosafisha, na hapo sauti yake ikapungua mwendo.

"Ina dohani nne za moshi," alisema. "Tatu zinafuka. Ya nne haifuki. Iliwekwa zaidi kwa pambo, matajiri waone meli ina nguvu. Juu wamesimama wanawake wenye kofia za manyoya, mmoja amebeba mbwa, na mbwa amefungwa utepe shingoni. Chini kabisa, karibu na maji, kuna dirisha la duara. Mchochea makaa ametoa kichwa kuvuta hewa. Uso wote ni masizi. Mkono wake mmoja umeshika ukingo, na kidole cha mwisho hakipo."

"Hata kidole ameona!" jirani yetu Ombati akapiga paja. "Nyakundi, umezaa profesa wa bahari."

Nyakundi akavimba kwa fahari. "Nani aliyekufundisha mambo haya yote, mama?"

Drusilla akatazama sahani yake. Damaris, mama yake, alikuwa amempikia chinsaga, zile mboga chungu zetu zilizolazwa katika maziwa, pamoja na ugali wa wimbi. Drusilla hakuwa amemega hata tonge. Aliinuka, akaenda kwenye tangi la maji, akanawa mikono. Akainawa tena. Akapaka sabuni upya.

"Safari imemchosha," Nyakundi akawaambia wageni.

"Safari au maringo?" Ombati akanong'ona, kwa ule mnong'ono wake unaosikika hadi barabarani.

Na Edinah, mdogo wake Drusilla, aliyekuwa tayari na paspoti, na kazi katika meli ile ile, akadakia: "Mimi nikifika nitapiga selfi na huyo wa kidole!"

Kulipokucha Drusilla alikuja jikoni kwangu tumenye ndizi. Niliona viganja vyake: ngozi imechunika kama ya mtu aliyefua nguo za kijiji kizima. Mlango ukalia nyuma yetu, ni kuku tu aliyeusukuma, na mtoto akageuza uso ukutani.

"Magokoro," aliniita, yaani bibi, kwa lugha yetu. "Nikikuambia jambo chafu utanifukuza?"

"Nimelea watoto na ng'ombe. Uchafu gani nisioujua?"

Sijui kama kwenu ni hivyo, lakini kwetu Ugusii mzazi na mtoto aliyekomaa wana haya baina yao, ukuta mnene. Habari za mwili hazitajwi hapo. Bibi na mjukuu ndio walioachiwa mlango: wao hutaniana, huulizana yasiyoulizika, na hakuna anayekunja uso. Ndiyo maana alikuja kwangu.

"Kulikuwa na mzee mmoja," alisema, kisu kikitembea juu ya ganda. "Anaishi humo melini, mwaka mzima. Kila asubuhi nikibisha, anasema ingia. Nikifungua, amesimama katikati ya chumba kama alivyozaliwa. Tumbo limening'inia, mwili wote unameremeta mafuta ya jua, kikombe cha chai mkononi. 'Usiogope,' ananiambia, 'mimi ni kama babu yako.'"

Nilitema mate motoni. Jivu likachomoka, nikatema tena.

Nisikilize vizuri. Mwili wa mzee haunitishi. Nilimwogesha mume wangu mpaka pumzi yake ya mwisho, nikamgeuza, nikamfuta, wala sikuziba pua. Mwili unaoomba msaada si aibu. Lakini huyu hakuomba kitu. Alikuwa akimla mtoto wangu kwa macho, na kushushia kwa chai. Halafu akajipachika jina la babu! Kinywa kilinijaa uchungu, nikaitazama chai yangu kwenye kikombe, nikaimwaga nje.

"Hukuwaambia wakubwa?"

"Nilimwambia msimamizi. Akasema nibishe kwa nguvu zaidi. Nilipomwambia tena akasema nitabasamu, kwa sababu mgeni akilalamika, atakayeteremshwa bandarini ni mimi."

"Na Edinah?"

"Nimemwonya. Anasema mimi ni mwoga, yeye atamrushia taulo. Magokoro, taulo anazo tele, hataki tu kujifunika."

"Basi mwambie baba yako."

Tukatazamana. Ningemwambia mimi? Nyakundi ni mwanangu wa kumzaa. Ukuta ule ule umesimama kati yetu. Damaris amwambie mumewe? Kwanza nani angemwambia Damaris? Tulikaa pale, wanawake wawili na sufuria ya ndizi, na neno moja ambalo halikuwa na kinywa cha kupitia.

Jumapili baada ya kanisa tukakutana tena kumwombea Edinah safari njema. Mvua ya alasiri ilikuwa ikipiga mabati. Paspoti iliwekwa juu ya Biblia, Nyakundi akasimama kuanza maombi.

"Kabla hujafumba macho," nikasema, "kitendawili."

"Mama! Sasa hivi?"

"Kitendawili!"

Watu wakacheka. "Tega," akasema, kwa heshima.

"Kijiji kizima kinasafiri, na hakuna hata mmoja aliyeinua mguu."

"Meli!" Akacheka. "Mama, hicho ni cha chekechea."

"Mkia wake huu hapa. Katika kijiji hicho, mzee mmoja kila asubuhi anamkaribisha ndani binti anayekuja kutandika kitanda. Anasema yeye ni babu. Binti anageuza uso. Mzee amevaa nini?"

Kicheko kilikatika. Ombati akatazama viatu vyake. Edinah, aliyekuwa akichezea simu, akaiweka chini polepole. Damaris akashika mdomo. Nilimtazama mwanangu akilitafuta jibu, akalipata, akatamani asingelipata.

"Nakupa mji," akasema kwa sauti ndogo, kama afanyavyo aliyeshindwa. "Chukua Mombasa."

"Sitaki Mombasa. Sitaki mji wowote."

Mvua ikaendelea. Nyakundi akaichukua paspoti juu ya Biblia, akaishika kama kitu kilichookotwa chooni, akaitia mfukoni mwa koti lake. Kisha akamgeukia Drusilla, lakini macho akayaelekeza dirishani, ili haya zao zibaki mahali pake.

"Mama," akasema, "ile picha ya meli. Nilikuuliza nani alikufundisha."

Drusilla alikuwa amesimama kando ya mlango. Aliiweka mikono yake nyuma.

"Hakuna aliyenifundisha, Tata. Ilitundikwa mkabala na mlango wake. Nilikuwa nikiitazama mpaka avae."